Samli ya Mgongoni

Nilimsugua mwanangu wa kwanza kwa dodoki tangu alipokuwa na miezi mitatu mpaka alipokaribia miaka miwili. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Huruma mpeni yeye. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake, mikono nilikuwa nayo, na masikio ya kusikia mtoto analia nilikuwa nayo.

Ilikuwa Iringa, miaka ya sabini, kwenye nyumba ya ukoo wa mume wangu, karibu na soko. Babu yao alikuwa ametoka pwani na biashara ya nguo akalowea huku, na wao walijihesabu watu wa pwani ingawa wengi wao bahari hawajaiona. Nyumba yenyewe ilikuwa safi mpaka inaudhi. Ua unafagiliwa mara tatu kwa siku, Ijumaa wanafukiza udi, na sakafuni ungeweza kumwaga wali ukala. Mimi nilitoka Rujewa. Wazazi wangu walikuwa wafugaji walioshuka Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini nilipokuwa mdogo, na nilikulia kwenye maziwa, samadi na moshi wa kufukuza mbu. Siku nilipoletwa pale kama mke, mama mkwe alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi, halafu akaniambia niende nikaoge. Nilikuwa nimeoga asubuhi ileile.

Niliapa moyoni kwamba hakuna mtu katika nyumba ile atakayenusa zizi kwangu tena. Nilikuwa mkaidi, bado ni mkaidi, na nikishika jambo silitemi.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa sita, baridi ya Iringa imekolea. Alipofikisha miezi mitatu mashavu yakaanza kuwa mekundu na makavu, ukipitisha kidole unasikia yanakwaruza. Ukavu ukashuka shingoni, ukaingia kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna mpaka damu. Mama mkwe akamtazama, akapitisha ukucha wake kwenye mkono wa mtoto, na vikatoka vigamba vyeupe.

"Huyu ana nongo," akasema. "Unamwogeshaje?"

Nikamwambia kama watu wote, mama.

"Nongo za kwenu hizo. Ng'ombe hamtoki mtu mwilini upesi. Msugue."

Basi nikamsugua. Maji ya moto, sabuni ya mche ile ya kufulia, na dodoki jipya lisilolainika. Na hapa ndipo pa kunicheka, kama mtu ana moyo wa kucheka. Kila nilipomsugua, vile vigamba vilitoka vingi zaidi, vinaelea kwenye beseni, nami nilifurahi! Nilimwita mama mkwe aje aone. Tukasimama wawili juu ya beseni, tunatazama ngozi ya mtoto inaelea, tunaiita nongo, tunasema bado zipo, ongeza. Nikatoka mara moja kwa siku nikaenda mara mbili, kisha tatu. Nikishamsugua namkausha kwa taulo mpaka anakuwa mkavu kabisa, ndipo mama mkwe anampaka liwa, ile ya kusaga jiweni yenye harufu nzuri, na liwa ikikauka juu ya michubuko mtoto anajinyonga kama anayechomwa. Kumbe alikuwa anachomwa kweli.

Akajifunza sauti ya beseni. Hajajua kutamka neno hata moja, lakini nikiliburuta beseni uani alikuwa anaanza kutetemeka. Nilimwona. Nilijikaza kisabuni, nikasema watoto wote hawapendi kuoga.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia, na siku za kuwa njiani zilizidi za kuwa nyumbani. Nilimlalamikia, naye kwa kutaka kusaidia akaleta sabuni kutoka ng'ambo, nyekundu, inanuka hospitali. Akasema watu wa migodini wanaogea hiyo na hawapati ugonjwa wowote. Nikaitumia wiki mbili. Ngozi ikaanza kupasuka kwenye mikunjo, ikatoa majimaji ya njano, yakikauka yanakuwa utando mgumu, na chini ya utando kunanuka. Nilimvalisha soksi mikononi asijikune. Asubuhi moja nilipomwinua kitandani, shuka likaja naye.

Nilimpeleka zahanati. Kwenye benchi akina mama walisogea, mmoja mmoja, mpaka nikabaki na benchi zima peke yangu. Kijana aliyekuwa akitoa dawa hakumgusa. Alitazama kwa mbali, akasema upele huo, usafi mama, usafi, akanipa chupa ya dawa nyeupe ya kupaka mwili mzima. Usafi! Mimi niliyekuwa nimemaliza miche mingapi ya sabuni kwenye mwili wa mtoto mmoja! Nilitoka pale nimefura, na hasira zangu zote nikazipeleka nyumbani kwenye beseni. Nikamsugua, nikampaka ile dawa. Alilia mpaka sauti ikakatika, na baada ya sauti kukatika mdomo ukaendelea kulia bila sauti. Jioni akawa na homa, mwili unawaka, macho amelegeza.

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikumuaga mama mkwe. Nilimwambia jirani anifikishie salamu, nikambeba mtoto kifuani kwa khanga, nikapanda basi la asubuhi la kwenda Mbeya, nikashuka njia panda ya Rujewa. Tukapata lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua mpunga. Kule chini Usangu joto lilimpiga mtoto, jasho likaingia kwenye vidonda, nami kila nilipombadilisha mkono ngozi yake ilibaki imeganda kwenye blauzi yangu. Nilikuwa namwomba Mungu kwa maneno mafupi tu. Asife. Asife kabla sijafika.

Mama yangu alikuwa anachuja samli nje. Hakunisalimu. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaweka kibuyu chini, akanyoosha mikono akampokea. Akafungua khanga. Kuku wakaja kwenye samli na hakuwafukuza.

"Nani amembandua huyu?" akauliza.

Nikaanza kueleza mambo ya nongo. Nilikuwa nimebeba dodoki na ile sabuni nyekundu kwenye kikapu, fikiria! Nilikimbia na mtoto anayekufa lakini dodoki sikusahau. Mama alivichukua vyote viwili akavitupa chooni. Kisha akamtuma mtu amwite mzee mmoja aliyekuwa akichoma sindano zahanati ya pale, maana mama hakuwa mtu wa kudharau sindano. Yule mzee akaja kila siku kwa siku tano. Akasema homa ni ya vidonda vilivyoingia uchafu, na sindano itaua uchafu, lakini ngozi mtaitafuta wenyewe.

Na mama akaitafuta. Nilikaa pembeni nikatazama, kwa sababu hakuniruhusu kugusa. Maji ya uvuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko, si kwa mkono, maana mkono wa mama aliyezoea jiko hausikii moto. Sabuni hapana. Alimwagia tu kwa kiganja, muda mfupi, huku anamwimbia. Akimtoa hakumfuta. Alimgusagusa kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa, akamwacha na unyevu, na hapohapo, kabla maji hayajakauka, akampaka samli. Samli yenyewe haikuwa ile ya kuuza Chimala sokoni. Ilikuwa ya maziwa ya siku hiyo, isiyotiwa chumvi, iliyochujwa mara mbili kwa kitambaa, na ndani yake ameyeyushia nta kidogo iliyoletwa na warina asali kutoka upande wa Idodi. Samli peke yake inateleza, aliniambia, ukimlaza tu imehamia kwenye shuka. Nta inaishikilia mahali pake. Lakini siku ya kwanza hakumpaka mwili mzima. Alipaka mahali padogo ndani ya mkono, akasubiri mpaka kesho yake aone kama ngozi imekasirika.

Na hakusugua. Aliweka samli kwa vidole, kama mtu anayefunika kitu kisichotakiwa kuamka. Juu yake akamzungushia khanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa, juu ya hiyo khanga kavu, na mtoto, ambaye alikuwa hajalala usingizi wa maana kwa miezi mingi, akalala.

Mama akanigeukia sasa. "Unalijua tembe lililopigwa mvua mpaka udongo ukadondoka? Zimebaki fito tu. Ya ndani yanatoka, ya nje yanaingia, upepo, vumbi, jua, kila kitu kinapita. Ngozi ya huyu amezaliwa nayo hivyo, udongo wake kidogo. Wewe hata huo kidogo umeukwangua."

"Mama mkwe alisema ni nongo."

"Na mkono ulikuwa wa mama mkwe?"

Nikaificha mikono yangu chini ya khanga.

Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imefunga. Si nzuri bado, ina mabaka, lakini imefunga. Nikasema sasa naweza kumwogesha mwenyewe, nimeona kila kitu. Nikapasha maji, nikaita. Mtoto aliposikia mimi ndiye ninayeburuta karai, mwili ulikakamaa, macho yakatoka, akaanza ule mlio usio na sauti. Mama akaja mbio akamchukua.

"Mikono yako anaijua," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mwache hapa kidogo. Nenda kwa mumeo."

Kidogo ile ikawa miaka minne. Kila nilipokwenda nilimkuta amekuwa mrefu, ngozi imenawiri, inang'aa, na harufu ya samli imemjaa. Sasa harufu hiyo niliyoikimbia nilikuwa naivuta kwa pua zote mbili. Bibi yake alikuwa anamtania kila saa ya kupaka. "Haya mke mwenzangu, geuka nikuone mgongo, leo mume atakusifia." Naye anacheka, anageuka, anajipinda huku na huku. Nilimpelekea viatu, nikampelekea gauni lenye lasi. Alipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akapiga goti, shikamoo, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa ananiita Mama wa mjini. Sikumsahihisha. Ningemsahihisha kwa mdomo upi?

Nilijifunza, lakini. Nataka hilo lijulikane. Nilizaa wa pili, ngozi yake ilikuwa ya kawaida, na hata hivyo sikumgusa kwa dodoki. Nilijipaka mwenyewe samli kwenye visigino na mikono, najaribu uzito wa vidole, napima jinsi ya kuweka bila kusugua. Nilikuwa najiandaa kwa siku ambayo mwanangu atarudi kwangu. Sikufikiri siku hiyo italetwa na nini.

Mama alikufa kwa kifua, siku tatu tu. Habari zilinikuta Mbeya, tulipokuwa tumehamia ili mume wangu awe karibu na njia ya Tunduma. Tulizika. Mtoto alikuwa na miaka sita, hakulia mbele yangu. Alikaa karibu na mlango wa chumba cha bibi yake ameshika kopo la bati la samli, lile la mwisho ambalo mama alilijaza kabla hajalala kitandani, na watu walipotaka kulichukua walitumie kwa chakula cha msiba alilikumbatia kwa nguvu hivi kwamba wakamwachia. Alipanda nalo basi, akalipakata mpaka Mbeya.

Mbeya mwezi wa sita, anayeijua anaijua. Ukungu asubuhi, upepo mkavu mchana, na jioni baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Wiki ya kwanza haijaisha ngozi yake ikaanza. Viwiko kwanza, kisha shingo, kisha mgongo wote ukaanza kupasuka vistari vyembamba. Nilimwona anajikuna kwenye ukingo wa mlango, taratibu, ili nisisikie.

Nikapasha maji. Nikayapima kwa kiwiko. Karai nililibeba, sikuliburuta, nikaliweka chini kimya kama mwizi. Nikatandika khanga kuukuu ya mama yangu, nikamwita kwa sauti ya chini. Akaja akasimama mlangoni, kopo mkononi.

"Nitaoga mwenyewe," akasema.

"Sawa mwanangu. Mimi nitakupaka."

"Nitajipaka mwenyewe."

Nikatoka nje. Nilimchungulia kwenye ufa wa mlango, sioni aibu kusema. Alifanya kila kitu kama bibi yake. Maji kwa kiganja. Akajigusagusa. Akapaka akiwa na unyevu, mikono, miguu, tumbo, shingo. Halafu akajaribu mgongo. Alipeleka mkono juu ya bega, haukufika. Akaupitisha chini, haukufika. Alijinyonga pale mpaka machozi yakamlengalenga, na unyevu ulikuwa unakauka, nami nilijua kila dakika inayopita ni bure.

Nikaingia. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono viganja juu, nikamwonyesha haina kitu. "Mgongoni hufiki, mwanangu. Niwekee kidogo tu vidoleni. Sitasugua."

Alinitazama mikono, si uso. Mikono tu. Nikamwona anafikiri, mtoto wa miaka sita anafikiri kama mtu mzima anayepima kama aingie kwenye nyumba ambako aliwahi kuumwa na mbwa. Kisha akajifunga khanga, akalichukua kopo lake, akanipita, akatoka, akavuka ua, akaenda kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kinyakyusa, mkulima wa viazi, mwenye sauti ya kuita mtu mlima wa pili. Mikono yake ilikuwa imekomaa kwa jembe, mibaya kuliko yangu mara mia. Mwanangu alikuwa hajamjua hata siku kumi. Akasimama mbele yake, akampa kopo, akashusha khanga, akamgeuzia mgongo.

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Nilikaa chini palepale kwenye maji yaliyomwagika.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi. Asubuhi na jioni anaoga, anajipaka, anavuka ua na kopo. Yule mama hakuniuliza kitu, alikuwa na adabu zake. Siku moja tu, tunaanua nguo, akaniambia huku anacheka, "Mwanao ananifundisha kazi. Ananiambia, Mama, usisugue, weka tu. Bibi alikuwa anaweka tu." Nami nikacheka naye, nikamaliza kuanua, nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Sasa lile kopo. Kopo lilikuwa dogo, na mtoto alikuwa anachota kwa uangalifu, lakini samli haizai. Baada ya wiki mbili nilimwona anakwangua pembeni kwa ukucha. Alikuwa anapaka kidogo sana, sehemu zile zinazouma tu. Usoni mwake kulikuwa na hofu ambayo hakuniambia, na kwa nini aniambie?

Nikaenda sokoni nikatafuta akina mama wanaoshusha maziwa kutoka milimani. Nikayaacha yatulie, nikaengua krimu, nikaisuka kwenye kibuyu magotini, mimi niliyeapa sitasuka maziwa tena maisha yangu. Nikaipika kwa moto mdogo, nikachuja mara mbili. Nta niliipata kwa muuza asali. Nyumba nzima ikanuka. Mume wangu aliingia akasimama mlangoni akasema, "Humu ndani kumekuwa zizi."

"Na kuwe," nikamwambia.

Mtoto alipokwenda kuchota maji bombani nikalichukua kopo lake, nikajaza, lakini si mpaka juu. Niliacha ionekane kama iliyokuwa imebaki chini imeongezeka kidogo tu. Nikalirudisha kwenye kona yake, mfuniko umekaa upande kama alivyouacha. Wiki iliyofuata nikafanya tena. Na iliyofuata. Mgongo ukaanza kufunga. Nilikuwa nauona kwa mbali, akivuka ua, khanga imeshuka mabegani: vistari vinakwisha, ngozi inarudi, inang'aa. Hiyo ilikuwa samli yangu iliyong'aa pale.

Asubuhi moja alifungua kopo mbele yangu, nikiwa nachambua mchele. Akachungulia ndani kwa muda mrefu. Akanusa. Nikasema moyoni, leo amejua, atalimwaga.

"Bibi aliacha nyingi," akasema.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nilikuwa na mikono yangu miwili juu ya ungo, ina mafuta bado chini ya kucha.

"Nyingi, mwanangu," nikamjibu. "Aliacha nyingi tu."

Akafunga kopo, akalibana kwapani, akavuka ua kwenda kupakwa mgongo.